Mwaka Mmoja wa Jarida la Utaifa na Ukabila: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu, wahadhiri, na wasomaji wengine wa Kiswahili wanaofuatilia majarida ya kitaaluma yanayochunguza utaifa na makabila, na ambao kila mwaka hukutana na taarifa ya maendeleo ya jarida wasijue waanzie wapi kuisoma. Mfano unaotumika hapa ni jarida la Nations and Nationalism, kwa sababu historia yake inajulikana vizuri na mwenendo wake unafanana na wa majarida mengi ya fani hii. Nimeandika katika fani hii na nimepitia miswada ya wenzangu, kwa hiyo baadhi ya majibu yana maoni yangu, nami sioni sababu ya kuyaficha.

Jarida hili lilianzaje, na nani analisimamia?

Mwaka 1990 wanafunzi wa utafiti na wahadhiri wa chuo cha London School of Economics walianzisha chama cha wasomi wa ukabila na utaifa, kinachojulikana kwa kifupi chake cha ASEN. Wakati huo Umoja wa Kisovyeti na Yugoslavia zilikuwa ukingoni mwa kusambaratika, na maswali yaliyodhaniwa kuwa ya wanahistoria peke yao yakageuka kuwa habari za kila jioni. Miaka mitano baadaye, mwaka 1995, chama hicho kilitoa toleo la kwanza la Nations and Nationalism. Anthony D. Smith, mwanasosholojia aliyefariki mwaka 2016, ndiye aliyeliongoza kama mhariri kwa muda mrefu. Leo jarida hutolewa na kampuni ya Wiley kwa niaba ya chama, na hutoka mara nne kwa mwaka: Januari, Aprili, Julai na Oktoba.

Kila mwaka una juzuu yake, na hesabu yake ni rahisi: toa 1994 katika mwaka unaoutafuta. Juzuu ya 1 ni ya mwaka 1995, ya 26 ni ya mwaka 2020, na ya 30 ni ya mwaka 2024. Hesabu hii ndogo imewaokoa wanafunzi wangu wengi waliokuwa wakikosea marejeleo.

Taarifa ya mwaka ya jarida huwa na mambo gani?

Kwa kawaida huwa na idadi ya miswada iliyopokelewa, iliyokubaliwa na iliyokataliwa. Muda uliopita tangu muswada kupokelewa hadi uamuzi wa kwanza. Nchi wanakotoka waandishi na wapitiaji. Idadi ya makala zilizosomwa au kupakuliwa. Viwango vya kurejelewa. Na mabadiliko katika bodi ya uhariri. Wasomaji wengi hukimbilia kigezo cha athari, wakifunga ukurasa mara tu wakishakiona. Mimi huanza na muda wa uamuzi na orodha ya nchi, kwa sababu hizo mbili ndizo zinazonionyesha jinsi jarida linavyowatendea watu, ilhali kigezo cha athari kinanieleza tu jinsi makala za karibuni zilivyorejelewa na makala nyingine.

Muswada unapita njia gani kabla ya kuchapishwa?

Mwandishi huutuma kupitia mfumo wa mtandaoni, akiwa ameondoa jina lake na kila alama inayoweza kumtambulisha, kwa sababu mapitio hufanywa bila mwandishi kumjua mpitiaji wala mpitiaji kumjua mwandishi. Wahariri huusoma kwanza wao wenyewe, na miswada mingi huishia hapo, ama kwa sababu mada iko nje ya fani, ama kwa sababu mwandishi ameeleza kisa cha nchi moja kwa undani bila kuonyesha kisa hicho kinatufundisha nini kuhusu utaifa kwa jumla. Hili la pili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi katika miswada inayotoka kwetu: data nzuri, mahojiano ya miezi mingi, lakini hoja imeachwa imelala chini ya data.

Muswada ukivuka hatua hiyo, hutafutiwa wapitiaji wawili au zaidi. Majibu yao huwa ya aina nne: kubaliwa, fanya marekebisho madogo, fanya marekebisho makubwa, au kataliwa. Ni nadra sana muswada kukubaliwa moja kwa moja, na mwandishi anayepata jibu la marekebisho makubwa ana kila sababu ya kufurahi, ingawa barua yenyewe haifurahishi kusoma. Baada ya kukubaliwa, makala huhaririwa lugha, hupangwa, hupewa namba yake ya kudumu, na mara nyingi huwekwa mtandaoni kabla ya kupangiwa toleo. Ndiyo maana makala inaweza kusomwa mwaka mmoja na kuhesabiwa katika juzuu ya mwaka unaofuata.

Kwa nini uamuzi huchukua miezi mingi?

Kwa sababu wapitiaji hawalipwi, nao ni walimu wenye mitihani ya kusahihisha. Mhariri anaweza kuwaandikia watu wengi kabla ya kupata wawili wanaokubali, na katika mada finyu, kwa mfano siasa za utambulisho katika bonde la Mto Ruzizi, wanaoijua mada hiyo na ambao hawajashirikiana na mwandishi ni wachache mno.

Muswada wangu mmoja ulikaa katika jarida moja, ambalo si hili, kwa miezi kumi na moja. Nilipoandika kuuliza, nikajibiwa kwamba mpitiaji wa pili alikubali, kisha hakurudisha ripoti wala hakujibu barua. Ripoti ilipofika ilikuwa na aya mbili. Kwa mhadhiri anayesubiri kupandishwa cheo, au mwanafunzi ambaye chuo chake hakimruhusu kuhitimu kabla hajachapisha, miezi hiyo ni sehemu ya maisha yake. Kwa hiyo ninapoona taarifa ya mwaka ikisema kwamba muda wa uamuzi wa kwanza umepungua, nalihesabu hilo kuwa maendeleo ya kweli. Na ninapoombwa kupitia muswada ambao sina nafasi ya kuusoma, nakataa siku hiyohiyo na kupendekeza majina mengine mawili, ili mhariri asiendelee kunisubiri.

Kigezo cha athari hukokotolewaje?

Wazo lake lilitolewa na Eugene Garfield mwaka 1955, na leo hesabu hiyo hutangazwa na kampuni ya Clarivate kila mwaka, kwa kawaida mwezi Juni. Huchukuliwa idadi ya mara ambazo makala za jarida zilizochapishwa katika miaka miwili iliyotangulia zimerejelewa katika mwaka husika, ikagawanywa kwa idadi ya makala hizo. Tuchukulie kwamba jarida lilichapisha makala 100 katika mwaka 2022 na 2023 kwa pamoja, na kwamba makala hizo zikarejelewa mara 150 mwaka 2024. Kigezo cha mwaka 2024 kitakuwa 1.5. Tangu mwaka 2023 hutangazwa kwa desimali moja badala ya tatu, na hilo ni jambo jema, kwa sababu zile desimali tatu ziliwafanya watu wapigane kwa tofauti zisizo na maana yoyote. Kipo pia kigezo cha miaka mitano, na kipimo kingine cha kampuni ya Elsevier kinachotazama miaka minne.

Kigezo cha athari kikishuka, je, jarida limezorota?

Si lazima. Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na naomba msomaji anivumilie nilijibu kwa kisa.

Tarehe 24 Oktoba 1995, katika Chuo Kikuu cha Warwick nchini Uingereza, mwanafalsafa na mwanaanthropolojia Ernest Gellner na Anthony Smith, aliyekuwa mwanafunzi wake, walifanya mjadala wa hadhara kuhusu asili ya mataifa. Smith alishikilia kwamba mataifa ya leo, ingawa ni ya zama hizi, yamejengwa juu ya jamii za kale zenye majina, kumbukumbu na visasili vyake, na kwamba mtu hawezi kuyaelewa bila kurudi huko nyuma. Gellner akajibu kwa mfano wa kitovu. Wanateolojia wa zamani walijiuliza kama Adamu, ambaye hakuzaliwa na mwanamke, alikuwa na kitovu. Je, mataifa nayo yana kitovu? Jibu lake lilikuwa kwamba baadhi yanacho, baadhi hujitengenezea, na baadhi hayana kabisa na yanaishi vizuri tu. Waestonia, alisema, mwanzoni mwa karne ya 19 hawakuwa hata na jina la kujiita kama taifa, lakini wakaja kujenga utamaduni kamili kwa shule, vitabu na makumbusho.

Siku kumi na mbili baadaye, tarehe 5 Novemba, Gellner alifariki Prague. Mjadala ule ulichapishwa katika juzuu ya pili ya jarida, mwaka 1996.

Kwetu sisi mfano huo haukuhitaji Adamu. Mtu akiulizwa kwao ni wapi, hujibu kwamba ni pale kitovu chake kilipozikwa, na katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kitovu cha mtoto huzikwa kweli, chini ya mti au pembezoni mwa nyumba, na mahali hapo hukumbukwa. Nilipowapa wanafunzi wangu kurasa hizo chache za Gellner, mmoja aliuliza swali ambalo sijaliona katika maandiko ya Ulaya: mtu aliyezaliwa hospitali mjini, ambaye kitovu chake hakuna anayejua kilitupwa wapi, yeye ni wa wapi? Tulizungumza saa mbili nzima.

Sasa turudi kwenye hesabu. Makala hizo za mwaka 1996 zinaendelea kusomwa na kurejelewa mpaka leo, lakini kigezo cha athari kiliacha kuzihesabu mwishoni mwa mwaka 1998. Katika utafiti wa maabara, makala ya miaka mitano iliyopita inaweza kuwa imepitwa na wakati. Katika utafiti wa utaifa, huenda ndiyo kwanza inaanza kueleweka. Kipimo kinachotazama miaka miwili hakiwezi kuona kazi ya aina hiyo. Aidha, jarida linalochapisha makala zisizozidi mia moja kwa mwaka linaweza kupanda au kushuka kwa sababu ya makala mbili tu zilizovuma, pengine kuhusu uchaguzi au vita vilivyokuwa vikizungumzwa wakati huo. Azimio la San Francisco, lililotokana na mkutano wa wanasayansi mwaka 2012 na ambalo huitwa DORA, liliwataka waajiri na wafadhili waache kumpima mtafiti kwa kigezo cha jarida alikochapisha. Natamani kamati zetu za kupandisha vyeo zingelisoma.

Je, jarida linalokataa miswada mingi ndilo bora zaidi?

Hapana. Kiwango cha kukataa kinaonyesha uwiano kati ya nafasi na maombi, si ubora wa kilichochapishwa. Jarida likianza kupokea miswada mingi iliyotumwa bila kusomwa mwongozo wa waandishi, kiwango hicho hupanda bila makala hata moja kuwa bora.

Kwa nini taarifa huonyesha nchi wanakotoka waandishi?

Kwa sababu nadharia za utaifa ziliundwa kwa kutazama zaidi Ulaya, na jarida linalojiita la mataifa yote haliwezi kuridhika na hali hiyo. Orodha ya nchi humwonyesha msomaji kama mambo yanabadilika.

Ukanda wetu ni mahali pa kujaribia nadharia kuliko sehemu nyingi duniani. Tanzania haijauliza kabila la mtu katika sensa tangu ile ya mwaka 1967. Kenya huuliza na kutangaza, na Wamakonde wa Kenya, walioishi pwani kwa vizazi bila vitambulisho, walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 kudai uraia, wakaja kutambuliwa kuwa kabila la 43 la nchi hiyo. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, iliondoa kabila katika kitambulisho. Burundi ilifanya kinyume: katiba yake ya mwaka 2005 iliandika makabila waziwazi, ikaweka asilimia 60 kwa Wahutu na asilimia 40 kwa Watutsi katika serikali na Bunge, na nusu kwa nusu katika Seneti. Nchi nne jirani, majibu manne tofauti kwa swali moja. Mwanauchumi Edward Miguel alipolinganisha wilaya ya Busia nchini Kenya na ya Meatu nchini Tanzania, katika makala ya mwaka 2004 iliyotoka katika jarida jingine, aliona kwamba upande wa Kenya shule zilizokuwa katika maeneo yenye makabila mengi zilipata michango midogo zaidi, ilhali upande wa Tanzania tofauti za kabila hazikuwa na athari hiyo.

Ni haki kusema pia kwamba namba za nchi zinaweza kudanganya. Mwandishi wa Kitanzania anayefundisha Uingereza huhesabiwa Uingereza, na Mwingereza aliyekaa Dar es Salaam mwaka mmoja anaweza kuhesabiwa Tanzania. Kwa hiyo soma pia vichwa vya makala, na uangalie ni nani wanaorejelewa humo.

Toleo maalumu ni nini, na linaathirije mwaka wa jarida?

Ni toleo, au sehemu ya toleo, lenye makala kadhaa za mada moja zilizokusanywa na wahariri waalikwa. Chama cha ASEN hufanya mkutano wake kila mwaka, na mijadala ya mkutano mara nyingi hurudi katika jarida baadaye kwa namna hii. Kuna pia mhadhara wa kila mwaka wa kumkumbuka Gellner, ambao nao huchapishwa. Kwa mwandishi chipukizi, ipo tuzo ya insha kwa wanafunzi wa uzamivu iliyopewa jina la Dominique Jacquin-Berdal, mhadhiri aliyeandika kuhusu utaifa na ukabila katika Pembe ya Afrika. Naitaja kwa makusudi, maana mada za kwetu zilikuwa ndiyo kazi yake.

Je, mwandishi hulipa ili kuchapishwa?

Mwandishi anayefuata njia ya kawaida, ambapo wasomaji au maktaba zao hulipia usajili, halipi chochote. Anayetaka makala yake isomwe bure na kila mtu tangu siku ya kwanza hulipia yeye, au chuo chake, ada ambayo ni kubwa kuliko mshahara wa mwezi wa wahadhiri wengi wa kwetu. Ukipokea barua pepe ya jarida linalokuahidi kuchapisha ndani ya wiki moja ukishatuma fedha, hiyo ifute. Kwa upande wa kusoma, ulizia katika maktaba ya chuo chako kama imejiunga na mpango wa Research4Life, unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo milango ya majarida mengi. Nimekutana na vyuo vilivyokuwa na haki hiyo huku wanafunzi wake wakinunua makala moja moja.

Kuna majarida gani mengine ya fani hii?

Nationalities Papers, lililoanza mwaka 1972, huelekea zaidi Ulaya ya Mashariki na Asia ya Kati. Ethnic and Racial Studies, la mwaka 1978, hushughulikia zaidi makabila, rangi na uhamiaji. Studies in Ethnicity and Nationalism, ambalo pia ni la ASEN, lilianza mwaka 2001 na kuendeshwa na wanafunzi wa uzamivu. Kwa anayetuma muswada wake wa kwanza, huko ni mahali pazuri pa kujaribu.

Neno «ukabila» linatosha kutafsiri dhana inayochunguzwa na majarida haya?

Halitoshi, na tatizo hili humkuta kila anayefikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza. Katika mazungumzo yetu ukabila ni lawama: ni kumpa mtu kazi kwa sababu ya kwao. Dhana ya kitaaluma ni pana zaidi, maana inagusa hali ya kuwa na kabila, yaani lugha, ukoo, mila na kumbukumbu, bila kumlaumu yeyote. Mwanahistoria John Lonsdale, aliyeichunguza Kenya kwa miaka mingi, alitenganisha mambo haya mawili: kuna ukabila wa kimaadili, ambao ni mjadala wa ndani ya jamii kuhusu mtu mwema ni nani, na kuna ukabila wa kisiasa, ambao ni kulitumia kundi kama silaha dhidi ya wengine. Vivyo hivyo, «utaifa» si «uzalendo», ingawa magazeti huyachanganya.

Jarida huchapisha kwa Kiingereza, lakini mwandishi hakatazwi kubakiza neno la Kiswahili na kulieleza. Katika muswada mmoja niliandika kuhusu utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani: Mngoni anaweza kufika msibani kwa Mhehe, akaingia kaburini kabla maiti haijashushwa, akalala humo akidai hatoki mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Mpitiaji wa kwanza alipendekeza neno la Kiingereza linalomaanisha mzaha. Nilimjibu kwa ukurasa mzima, nikimweleza kwamba mzaha hauna wajibu, ilhali mtani huyo aliyelala kaburini ndiye atakayesaidia kuchimba, kupika na kuzika, na kwamba ndani ya uhusiano huo uadui wa makabila mawili umegeuzwa kuwa deni la kusaidiana. Katika raundi ya pili mpitiaji aliandika kwamba neno libaki, akaniomba niipeleke aya ile ya kaburini mwanzoni mwa makala. Ndiko iliko sasa.